Ushahidi wa Damu

Katika miaka yangu yote ya kazi nilikaa upande wa ndani wa lile dirisha dogo la maabara ambalo wagonjwa hulijia kwa zamu, kwanza kutolewa damu, kisha kuchukua majibu. Na kutoka hapo niliona jambo ambalo tabibu aketiye chumbani na mgonjwa wake hapati kuliona kwa utimilifu, nalo ni kwamba karatasi yenye tarakimu huaminiwa upesi kuliko kauli ya mgonjwa, kuliko mkono wa daktari uliompapasa, na mara nyingine kuliko macho ya mama aliyemzaa. Mtu mzima akiambiwa kwamba damu yake ina kasoro huweza kubisha, akaenda kupima pengine, akarudi na karatasi nyingine kuja kutusuta. Mtoto hana hoja wala nauli. Huambiwa lala akalala, huambiwa usikimbie akaacha kukimbia. Naandika hapa juu ya watoto walioletwa kwetu kwa maumivu ya kifua, na juu ya vipimo vya damu vilivyowatolea ushahidi wa maradhi ya moyo wasiyokuwa nayo.

Yafaa kwanza ieleweke hali ya watoto wenyewe. Mwanamume wa miaka 60, mvuta sigara, mwenye shinikizo la damu, akishika kifua huku akitokwa na jasho la baridi, daktari ana haki ya kufikiri moyo kabla ya kufikiri kitu kingine chochote. Mtoto wa miaka 10 siye mtu huyo. Maumivu ya kifua ni malalamiko ya kawaida sana utotoni, na aghalabu asili yake ni gegedu za mbavu zilizovimba, au msuli uliovutika kwa kubeba ndoo ama kwa michezo, au pumu, au kichomi, au kiungulia, au hofu na huzuni ambazo mtoto hana maneno ya kuzitaja ila kwa kuonyesha kifua chake. Na huku kwetu mwenye selimundu hujiwa na maumivu makali ya mbavu na mapafu ambayo yana hatari yao mbali na moyo. Kati ya watoto 100 waletwao kwa malalamiko hayo, wale ambao moyo ndio uletao maumivu aghalabu hawafiki watano. Hesabu hii ndogo nitairudia, maana ndiyo iliyobeba mzigo mzima wa habari hii.

Nilipoanza kazi hapakuwa na kipimo cha damu kilichoweza kudai kwamba ni cha moyo peke yake. Tulirithi elimu iliyoanzia New York mwaka 1954, pale LaDue, Wróblewski na Karmen walipobainisha kwamba kimeng'enya kiitwacho SGOT huongezeka katika damu ya mtu aliyepatwa na shambulio la moyo. Ulikuwa ugunduzi mkubwa kwa wakati wake, lakini kimeng'enya hicho kimo pia katika ini, katika misuli ya mwili, na ndani ya chembe nyekundu za damu, hata sampuli iliyovutwa kwa pupa, ikavunjika chembe zake, iliweza kumpa mtu maradhi ambayo hakuingia nayo mlangoni. Baadaye ikaja CK, ambayo ni ya misuli, na ndugu yake CK-MB, iliyosifiwa kuwa ya moyo ilhali kiasi chake kimo katika misuli ya kawaida vilevile. Katika zama zile ambazo mtoto mwenye homa alichomwa kwinini kwenye msuli karibu kabla hajaulizwa jina, CK ya juu ilikuwa mara nyingi ni habari za sindano, wala si za moyo. Sisi wa maabara tulilijua hilo na tuliliandika kwenye ukingo wa fomu. Fomu zikasomwa tarakimu zake, ukingo ukaachwa.

Kwa sababu hiyo troponini ilipotufikia tuliipokea kwa furaha. Ni protini ya misuli, iliyotambuliwa Japani na Setsuro Ebashi na wenzake mwaka 1965, na moyo una namna yake ya protini hiyo iliyo tofauti na ile ya misuli ya mkono au mguu. Mwaka 1989 Hugo Katus wa Heidelberg pamoja na wenzake walieleza njia ya kuipima troponini T ya moyo katika damu, na tangu hapo kipimo kikawa kinanolewa kizazi baada ya kizazi, hadi mashine za leo huona nanogramu chache katika lita nzima. Chembe za msuli wa moyo zikijeruhiwa, troponini huvuja ikaingia katika damu, ikapanda kwa muda wa saa, kisha ikashuka kwa muda wa siku. Mtoto ambaye virusi vimeuingia msuli wa moyo wake huweza kutambulikana kwa kipimo hiki kabla hali haijawa mbaya, nami nimeshuhudia maisha yakiokolewa kwa njia hiyo. Sina ugomvi na troponini.

Ila msomaji hana budi kujua jinsi mashine inavyopima, kwa maana hadaa imejificha humo. Mashine haiioni troponini yenyewe. Ndani ya vitendanishi mna kingamwili za aina mbili, aghalabu zilizotokana na panya, kwa ufundi ulioasisiwa na Köhler na Milstein huko Cambridge mwaka 1975: ya kwanza imefungwa mahali pamoja, na kazi yake ni kuikamata troponini, ya pili imebeba alama itoayo mwanga, nayo huikamata troponini hiyohiyo kwa upande wake mwingine. Vikishakamatana vyote vitatu, vilivyobaki huoshwa, mwanga hupimwa, na mwanga mwingi huandikwa kuwa troponini nyingi. Sasa wako watu wenye siha njema ambao katika damu yao zimo kingamwili zenye tabia ya kushika kingamwili za wanyama. Huenda wamezipata kwa kuishi na wanyama, au kwa ugonjwa uliokwisha kupita, au kwa sababu ambayo hakuna awezaye kuifuatilia. Kingamwili hiyo huingia kati ya zile mbili za mashine ikaziunganisha, kama dalali anayeshikanisha mikono ya mnunuzi na mwuzaji ilhali bidhaa haipo. Na mashine, ambayo haijui ila mikono iliyoshikana, huandika kwamba biashara imefanyika. Wazee wa kazi yetu hawakuwa wageni wa mambo haya: tangu mwaka 1932 Paul na Bunnell walionyesha kwamba damu ya mgonjwa wa homa ya tezi ina kingamwili zinazoshika chembe za damu za kondoo, ingawa mgonjwa na kondoo hawajapata kuonana.

Msichana ninayemkumbuka kuliko wote alitoka upande wa Pangani, umri wake ukipata miaka 11. Kifua kilimchoma kando ya mfupa wa katikati, upande wa kushoto, na kilizidi kumchoma alipoinama chuoni kusoma juzuu yake au alipojitwika ndoo. Alipokewa na daktari kijana mwenye bidii, ambaye, kwa kuwa hospitali ilikuwa imepata mashine mpya na kila mtu alikuwa na shauku ya kuitumia, alitia alama katika visanduku vyote vya fomu. Damu ikaletwa, nikaipitisha, na troponini ikatoka mara nyingi zaidi ya kikomo. Niliirudia kwa sampuli ileile, ikatoka vilevile. Nikapiga simu wodini kama ilivyo kanuni, na kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa amelazwa, amekatazwa kushuka kitandani hata kwenda msalani, na karatasi ya rufaa ya kwenda Dar es Salaam inaandikwa.

Kesho yake mama yake alikuja dirishani. Alikuwa amefunga kanga kichwani, na mikono yake, ambayo jana yake niliiona ina bangili za dhahabu, ilikuwa mitupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, wameniambia mwanangu ana moyo mkubwa. Wakasema damu imepimwa hapa kwako. Wewe umeuona huo moyo?"

Nikamjibu kwamba mimi sikuona moyo, nimepima damu tu.

"Basi nani aliyeuona?"

Sikuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa hakuna aliyeuona. Neno "moyo mkubwa" halikutoka maabara, wala sidhani kama lilitoka kwa daktari. Lilizaliwa mahali fulani baina ya wodi na ukumbi wa kungojea, likapata miguu, na ilipofika alasiri bibi wa mtoto alikuwa amekwisha kuwasili na chupa ya kombe kutoka kwa shehe wao, wajomba wanachanga nauli, na bangili zimekwenda kwa sonara. Kombe halikumdhuru mtoto. Hofu ilimdhuru, kwa maana ilipochukuliwa picha ya umeme wa moyo, moyo wake ulikuwa ukienda mbio, na hata mbio zile zikaandikwa kuwa dalili.

Hapo ndipo alipoingia daktari mzee wa watoto, mtu mpole aliyekuwa na desturi ya kukaa kwenye kitanda cha mgonjwa badala ya kusimama mbele yake. Alimwuliza mtoto habari za chuo, na mbuzi wa nyumbani kwao, na wadogo zake, kisha akapeleka kidole kimoja mahali ubavu unapokutana na mfupa wa kifua, akabonyeza. Mtoto akaruka.

"Ndiyo maumivu yenyewe haya?"

"Ndiyo hayo hayo, babu."

Aliagiza eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na moyo ukaonekana una ukubwa wake wa haki na unasukuma damu vizuri. Akaagiza umeme wa moyo urudiwe mtoto akiwa ametulia, nao ukatoka salama. Kisha akashuka maabara kwa miguu yake, jambo ambalo mabingwa hawalifanyi mara nyingi, akaegemea meza yangu. "Mzee mwenzangu," akasema, "karatasi yako na kidole changu havisemi neno moja."

Mimi nilikuwa na neno langu la kumwambia. Damu ya mtoto ilikuwa imepimwa mara kwa mara tangu alipolazwa, na tarakimu zote zilikuwa karibu sawa, hazipandi wala hazishuki. Jeraha la moyo halikai hivyo. Lina mwanzo, lina kilele, lina mteremko. Tarakimu iliyosimama tuli siku baada ya siku, katika mtoto ambaye figo zake ni nzima, inatia shaka kwa utulivu wake huo. Nikamwomba ruhusa ya kufanya jaribio la zamani lisilogharimu kitu: kuipunguza nguvu seramu kwa kuichanganya na kimiminiko cha kuzimulia, kwanza nusu kwa nusu, kisha robo. Ikiwa troponini ni ya kweli, nusu ya damu itatoa nusu ya tarakimu, na robo itatoa robo, kwa uaminifu wa mizani. Tukaingiza sampuli, tukangoja pamoja. Ile ya nusu ilishuka kidogo sana. Ile ya robo ilianguka ghafla karibu na sifuri, bila uwiano wowote na mwenzake. Troponini ya kweli haina mwenendo huo. Kingamwili iingiliayo kipimo ndiyo iliyo nao.

Ili tupate ithibati isiyo na mjadala, sampuli nyingine ilitiwa katika barafu ikapelekwa mji mwingine, kwenye maabara yenye mashine ya kampuni nyingine, kwa kuwa kila kampuni ina kingamwili zake na mara nyingi kinachoihadaa mashine hii hakiihadai ile. Jibu likaja: chini ya kiwango kinachoweza kupimika. Mtoto akapewa dawa ya maumivu ambayo mtu huinunua duka la dawa bila ya kuandikiwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Natamani ningeweza kusema kwamba yalikwisha hapo. Karatasi ya kuondoa maradhi haina mbio za karatasi ya kuyaleta. Mwaka uliofuata nilimwona yule mama tena, amemleta mdogo wake yule binti kwa homa, nikamwuliza habari za mkubwa. Akasema hajambo, lakini mwalimu hamruhusu kushiriki michezo, chuoni hupewa mkeka wa karibu na mlango apate hewa, na shangazi mmoja amekwisha kusema kwamba binti mwenye moyo hatafaa kuzaa. Yeye mwenyewe mama, ambaye alikuwa ameelezwa na daktari mzee kwa ufasaha wote na akaelewa, alikiri kwamba usiku huamka kwenda kuweka mkono kifuani pa mwanawe aliyelala. Bangili hazikurudi.

Daktari mzee aliitumia habari hiyo kuwafundisha madaktari wanafunzi, na njia yake ilikuwa penseli na mgongo wa fomu. Tuchukue, alikuwa akisema, watoto 1,000 wenye maumivu ya kifua, na tukadirie kwamba 10 kati yao wana jeraha la moyo. Tukadirie pia kwamba kipimo ni hodari, kinawanasa wote 10, na kwamba katika waliobaki kinakosea kwa 5 tu katika kila 100. Makosa hayo 5 katika 100, juu ya watoto 990, yanakaribia 50. Basi mtaitwa wodini kwa watoto 60, na 50 kati yao moyo wao ni mzima. Halafu alikuwa akigeuza karatasi: chukueni watu wazima 1,000 kutoka chumba cha dharura, ambao 300 wana shambulio la kweli, kipimo hichohicho, mashine hiyohiyo, kitakosea kwa 35, na kati ya 335 mtakaoitiwa, 300 ni wagonjwa kweli. Mashine haikubadilika. Aliyebadilika ni mgonjwa aliyepelekwa mbele yake. Mchungaji wa Kiingereza Thomas Bayes aliifikiria hesabu ya namna hii katika risala iliyochapishwa mwaka 1763, naye amekwisha kufa. Nimeona wenye digrii wakiisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa yule mzee, wakakodoa macho.

Hata kikomo chenyewe kina siri yake. Kikomo cha troponini huwekwa pale ambapo watu 99 katika 100 wenye afya wako chini yake, na maana yake ni kwamba mmoja katika kila 100 wenye afya yuko juu kwa maumbile tu. Na watu waliopimwa ili kukiweka walikuwa watu wazima, ilhali kichanga aliyezaliwa juzi huwa na troponini ya juu pasipo ugonjwa. Zipo njia nyingine nyingi za kupotoshwa ambazo nitazipita mbiombio. Sampuli iliyowahishwa mashineni kabla haijaganda sawasawa huacha nyuzinyuzi zinazotoa mwanga wa uongo, na hiyo hutibiwa kwa kuizungusha upya. Kijana aliyekimbia mbio ndefu huweza kupandisha troponini bila ya kudhurika. Mvulana mwenye ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika misuli, ule uitwao Duchenne, huweza kuwa na troponini T ya juu ambayo chimbuko lake ni misuli ya mwili. Na wako ambao troponini yao ni ya kweli lakini imefungamana na kingamwili zao wenyewe, ikawa nzito, haitoki katika damu kwa wakati wake, basi hukaa miezi ikiashiria jeraha lisilokuwapo.

Lakini hadaa iliyonitisha zaidi ni ile ya upande wa pili. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba biotini, ile vitamini wanayomeza watu kwa ajili ya nywele na kucha, ikiwa nyingi katika damu huvuruga baadhi ya vipimo, na troponini huweza kutoka chini ilhali moyo unaumia. Kwetu vidonge hivyo ni vichache. Tulichokuwa nacho kwa wingi ni imani katika karatasi safi. Aliletwa mvulana wa umri wa kubalehe ambaye kifua kilimbana katikati ya mpira, akaanguka, akazimia kwa muda mfupi, akaamka akiona haya. Troponini yake ilitoka safi. Baba yake, mtu wa heshima zake, aliishika karatasi ile mbele ya daktari mzee akasema kwamba maabara imekwisha kumtakasa mwanawe, sasa anachoombwa ni nini tena? Mzee hakuitazama karatasi. Alimwuliza kama katika ukoo wao yuko aliyekufa ghafla akiwa kijana. Baba akanyamaza, kisha akamtaja ndugu yake aliyezama baharini, ambaye kila mtu alishangaa kwa nini alizama naye ni mwogeleaji. Eko ilionyesha msuli wa moyo uliozidi unene, maradhi ya kurithi ambayo hayalazimiki kuvujisha troponini mpaka siku yenyewe. Mtoto aonaye maumivu ya kifua akiwa mbioni, au azimiaye, au aliye na jamaa aliyekufa ghafla, moyo wake unataka kutazamwa, damu iseme iliyosema.

Kabla ya kustaafu niliomba, na uongozi ukakubali baada ya barua kadhaa, kwamba fomu ya troponini kwa watoto iongezwe mstari ambao daktari ataandika analolishuku na dalili iliyomfanya ashuku, na kwamba fomu isiyo na maelezo hayo irudishwe, isipokuwa kwa mtoto aliye mahututi. Kulikuwa na manung'uniko. Wako waliosema kwamba sasa maabara imejipa udaktari, na mmoja aliniuliza mbele ya watu kama nimesomea tiba au kuosha chupa. Nikamwambia yote mawili yana faida zake, lakini fomu haijajazwa. Daktari kijana aliyempokea yule binti wa Pangani ndiye aliyekuwa akiujaza mstari ule kuliko wote, kwa mwandiko mdogo uliofurika hadi ukingoni: mahali panapouma, saa yanapoanza, kama mtoto amekimbia, kama amechomwa sindano. Bingwa mmoja mwenye elimu kubwa, ambaye namheshimu hadi leo, hakukubali kamwe. Mpaka siku niliyokabidhi funguo alikuwa akiandika neno moja, "Kifua", nami nilikuwa nikimrudishia fomu yake.